Kipande cha Kaka Lusiano

Siku moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ni ile siku lori la chumvi lilipozama matopeni karibu na Nyololo. Nilikuwa na miaka kama kumi hivi, sina hakika, kwa sababu mama alihesabu umri wetu kwa mavuno, na kuna miaka ambayo mavuno hayakuwepo. Barabara kuu wakati ule haikuwa hii ya lami. Ilikuwa udongo mwekundu mtupu, na mvua ikinyesha juma zima unakuwa kama uji wa ulezi. Lori likazama Jumatatu, likakaa pale mpaka Alhamisi. Dereva alikuwa mtu wa Tabora, mnene, kajifunga mablanketi mawili, na kazi yake siku zote nne ilikuwa kuilaumu baridi.

"Nchi gani hii!" alisema. "Hata moto wenyewe unatetemeka!"

Basi chumvi ikaanza kuyeyuka ndani ya magunia. Maji ya mtaroni yakawa na chumvi, na ng'ombe wa vijiji vya jirani wakaja kuyalamba, wakakataa kuondoka. Wenye ng'ombe wakagombana, huyu anasema fahali huyu ni wangu, mwingine anasema dume lile ni langu, na dereva katikati anapiga kelele kwamba chumvi ni ya tajiri wake. Tulicheka mpaka tukaketi kwenye matope. Nikisimulia habari hii siku hizi hakuna mtu aliye hai anayeweza kunisahihisha. Huenda lilikuwa lori la sukari. Zamani alikuwepo mmoja ambaye angeniambia, "Gaspari, wewe unaongeza," lakini huyo ndiye ninayetaka kukusimulia habari zake, maana sikukusudia kusema habari za lori wala za ng'ombe. Nilitaka kusema nilifikaje pale barabarani. Nilifika nimembeba kaka yangu mgongoni.

Kaka yangu aliitwa Lusiano. Alinizidi kama miaka miwili. Tulipokuwa wadogo sana tuliugua homa pamoja, juma moja, kwenye mkeka mmoja. Mimi homa iliniacha kama ilivyonikuta. Yeye ilimwachia mguu wa kushoto umelala, haukunenepa tena wala haukupata nguvu, ukawa mwembamba kama mpini wa shoka. Mama hakunilaumu, atamlaumuje mtoto aliyepona? Lakini nilipopata nguvu kidogo aliniita jikoni akaniambia, "Gaspari, miguu yako hiyo ni yenu nyote wawili. Usije ukasahau." Mama alisema hivyo huku anachambua maharage, hata hakuniangalia, na nadhani jioni alikuwa ameshasahau. Mimi sikusahau. Nilikwenda nalo neno hilo kama mtu aliyemeza kokwa.

Siku ya lori Lusiano alitaka kuona. Nikasema panda. Nikambeba kilima chote kile, napumzika, naendelea, na tulipofika barabarani yule dereva wa Tabora aliacha kuilaumu baridi akasema mbele ya watu wote, "Tazameni mtoto huyu! Huyu ndiye ndugu!" Akanipa kipande cha mkate. Mkate, mwanangu! Nilimmegea Lusiano nusu. Lakini lile neno "huyu ndiye ndugu" sikummegea mtu. Nililila lote peke yangu.

Tangu hapo nikawa nambeba. Misheni Jumapili, nambeba. Kwenye msiba, nambeba. Alikuwa na fimbo yake ya kuegemea kwapani, aliichonga mwenyewe, na kwa fimbo ile alikuwa anatembea vizuri tu, polepole. Alikuwa ananiambia, "Niache leo niende mwenyewe." Mimi namjibu, "Tutachelewa, kaka." Hatukuwa tunachelewa. Kanisani kulikuwa na benchi zuri karibu na mlango, lakini mimi nilikuwa napita naye katikati mpaka mbele kabisa, wanawake wanageuka, wazee wanatikisa kichwa kwa kunisifu, ndipo namshusha taratibu. Kutoka nyumbani kwenda misheni kulikuwa na njia ya mkato ya bondeni. Sikuipita hata siku moja, kwa kuwa haikuwa na nyumba za watu.

Haya nakwambia bila kuficha. Mzee akificha upumbavu wake wa ujana, kijana atajifunza kwa nani?

Lusiano alikuwa na mikono, mwanangu. Mimi kusoma niliishia darasa la pili kwa katekista, na mpaka leo herufi kubwa naandika vizuri kuliko ndogo, yeye hakwenda kabisa, lakini alikuwa fundi wa mipini. Akikuchongea mpini wa jembe unakukaa mkononi kama umezaliwa nao. Alikuwa anakuuliza kwanza, "Unalima umeinama sana au kidogo?" Watu walikuwa wanakuja na majembe yao hata kutoka kule Igowole. Na mmoja wa waliokuja alikuwa binti, Skolastika, sisi tulimwita Skola. Mwezi mmoja alileta jembe lake mara tatu. Mama akacheka kimya kimya akasema, "Mpini gani huo unaovunjika mara tatu kwa mwezi?"

Kumbe walikuwa wameshakubaliana. Lusiano akamtuma mshenga kwa baba wa binti, yule Baba Skola, mzee mrefu, mkavu, mtu wa maneno machache. Sisi wote tulijua atakataa. Jibu lililorudi sitalisahau.

"Sina neno na mguu wake," Baba Skola alimwambia mshenga. "Ila mwezi huu wa baridi nina mgowe kwenye vinyungu vyangu. Aje achukue kipande kama mwanaume mwingine yeyote. Akikimaliza yeye mwenyewe kabla jua halijazama, alete watu wake tuzungumze."

Ninyi wa mjini labda hamjui. Mgowe ni watu kukusanyika kulima shamba la mmoja wao kwa siku moja, na mwenye shamba anawapa chakula na pombe. Vinyungu ni matuta ya bondeni, kule ambako maji hayakauki, tunalima kiangazi wakati milimani kumekauka. Kila mtu anapimiwa kipande chake toka mtoni mpaka ukingoni mwa bonde. Na kipande cha mwanaume hakiingiliwi. Ukishindwa unachomeka jembe lako pale ulipofika, unamwita mtu kwa jina lake, "Fulani, nipokee." Hapo ndipo ataingia. Hujaita, hata baba yako mzazi hakanyagi humo. Kumwingilia mtu bila kuitwa ni kumwambia mbele ya watu kwamba yeye hayupo.

Kumbe Lusiano alikuwa ameshajifunza kulima kwa misimu miwili, hata kabla ya kutuma mshenga, kwenye zizi la zamani nyuma ya nyumba. Alijichongea mpini mfupi. Alikuwa anapiga goti la mguu mzima, chini yake amefunga kipande cha ngozi ya mbuzi, na ule mguu mwingine anauburuta nyuma. Analima, anasogea, analima, anasogea. Mimi nilidhani anatafuta minyoo ya kuvulia samaki. Tulikuwa tunalala chumba kimoja na sikujua.

Asubuhi ya mgowe kulikuwa na umande mweupe ulioganda, majani yanavunjika ukikanyaga. Nikainama mlangoni ili apande. Hakupanda.

"Leo naenda kwa miguu yangu," akasema. "Na kule shambani usiniangalie sana, Gaspari. Ukiniangalia wewe, wote wanaangalia."

"Sawa, kaka."

"Nisipokuita, usije. Umenisikia, mdogo wangu?"

"Nimekusikia."

Tukaenda. Mimi nilitangulia kwa sababu sikujua namna ya kutembea naye bila kumbeba. Hilo nimeligundua uzeeni, kwamba sikuwahi kutembea ubavuni mwa kaka yangu. Alikuwa mgongoni au alikuwa nyuma.

Tulikuwa watu kama thelathini. Lusiano akapimiwa kipande sawa na changu, Baba Skola mwenyewe alipima kwa hatua zake ndefu, hakupunguza hata kidole. Kukaanza maneno, unajua watu wa mgowe. Alikuwepo Mama Tonya, mjane mmoja mwenye mdomo, aliyebakiwa na meno mawili ya mbele. Alipomwona Lusiano amepiga goti akaita kwa sauti, "Wewe Lusiano, unalima au unasali?"

"Nasali, mama," Lusiano akajibu bila kuinua kichwa. "Nakuombea hayo mawili yasianguke kabla chakula hakijaiva."

Bonde lote likacheka, na Mama Tonya akacheka kuliko wote. Mimi ndiye sikucheka. Nilianza kuona vibaya. Nilimzoea kaka yangu akiwa kimya mgongoni kwangu, na huyu mtu aliyewachekesha watu thelathini nilikuwa simfahamu.

Jua likapanda, likaanza kushuka. Nilimaliza kipande changu mapema, nilikuwa na nguvu za ng'ombe wakati huo. Mmoja mmoja wakamaliza, wakapanda ukingoni kunywa pombe ya ulezi na kula kande. Akabaki Lusiano peke yake bondeni. Analima, anasogea. Mgongo wake umelowa jasho na baridi ile ile inaleta moshi juu ya shati lake. Mwanzoni watu walimtania, halafu wakamtia moyo, halafu wakanyamaza. Watu thelathini kimya, na sauti ya jembe moja.

Utani ningeuvumilia. Kimya kile sikuweza.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata padre sikumwambia lote. Watu walisema niliingia kwa huruma, nami niliwaacha waseme. Haikuwa huruma. Niliona aibu, mwanangu. Niliona wote wanamtazama kaka yangu akiburuta mguu kwenye tope, na nikaona kama wananitazama mimi, wananiuliza, wewe mwenye miguu ya watu wawili umekaa na kikombe? Na chini ya aibu hiyo kulikuwa na kitu kingine kibaya zaidi. Siku nzima hakuna mtu aliyekuwa amenisifu.

Jua lilikuwa bado juu ya kilima, upana wa mkono. Kwake zilikuwa zimebaki hatua chache. Skola alikuwa amesimama na mtungi wa maji, akaniona nainuka na jembe, akanitikisia kichwa. Alinitikisia hivi, taratibu, usiende. Nilimwona vizuri. Nikajiambia ananishukuru.

Nikashuka. Nikaingia kwenye kipande cha kaka yangu kwa kule mbele, nikalima kumfuata. Sikuitwa. Nililima kwa fujo, tope linaruka, na kule ukingoni wanawake wakapiga vigelegele, na mtu akaita, "Huyo ndiye ndugu!" Nakwambia vile vigelegele vilinipanda kichwani kuliko pombe. Nilimaliza kabla Lusiano hajainua jembe mara kumi. Jembe langu likakutana na lake. Kipande kikawa kimekwisha, na jua bado lipo.

Baba Skola alikuwa na mdogo wake, mcheshi, alikuwa amelewa kidogo. Akasimama akanyoosha kikombe kwangu. "Basi mkwe tumempata!" akasema. "Ni huyu mwenye miguu!"

Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Hilo ndilo ninalolijutia, mwanangu, kuliko hata jembe. Jembe lilikuwa ujinga. Kucheka kule kulitoka ndani.

Baba Skola hakucheka. Alimwaga pombe yake chini, akasema kwa sauti ndogo, "Kipande hiki hakijalimwa," akageuka akaenda nyumbani kwake. Lilikuwa jibu. Baadaye Skola aliolewa Kilolo, na sikumwona tena mpaka alipozikwa mama yangu, alikuja na wajukuu, akanisalimu "Kamwene" kama anavyosalimiwa mtu yeyote wa njiani.

Hapa nasimama kidogo. Nasaha huwa inawekwa mwisho kabisa, lakini mimi nitakupa sasa hivi, kwa sababu kila nikifika mwisho wa habari hii huwa nanyamaza, na wewe hukuja toka mbali hivi kusikiliza mzee akinyamaza.

Kama una ndugu ambaye mwili wake ni mgumu kuutumia, macho hayaoni, au masikio, au mguu kama wa kaka yangu, mpende. Lakini umuulize. Umuulize hata jambo ambalo unadhani unalijua. Akikwambia subiri, usubiri, na watu wakicheka, wacheke, na wakinyamaza, kaa na kimya hicho. Uchungu wa kukaa ni wako, ubebe huo na umwache yeye. Na kama moyo wako unakusuta kwa kuwa wewe umepona na yeye hakupona, usiutulize moyo wako kwa kumtumia yeye. Mwambie tu. Mimi sikuwahi kumwambia Lusiano kwamba nilikuwa naona haya kuwa na miguu miwili. Labda angecheka. Labda angesema, "Gaspari, wewe unaongeza."

Na ukikosea, omba radhi hapo hapo, mikono ikiwa bado na tope. Mimi nilisema nitaomba kesho yake. Nimemwulizia kaka yangu kwa watu wa Nyololo. Nimekwenda Mbeya mara mbili, mara ya kwanza juu ya magunia ya lori, kwa kuwa mtu mmoja alisema kamwona fundi mwenye mguu mmoja sokoni. Nikamkuta fundi kweli, wa viatu, Mnyakyusa, mtu mwema, akanikaribisha chai. Hakuwa yeye. Mama aliendelea kuweka sahani ya Lusiano mezani mpaka alipokufa. Mke wangu naye ametangulia, watoto wako Dar es Salaam, wananipigia simu Jumapili. Ukungu ukishuka hapa saa kumi alasiri huoni hata zizi, na mimi naongea peke yangu kama sasa hivi ninavyoongea na wewe.

Mungu akupe ndugu wa kuzeeka naye. Akupe mtu wa kukuita kwa jina la utotoni mvi zikiwa zimekujaa. Mikono yako aipe kazi, na siku inapopaswa kutulia, aipe kutulia. Nyumbani kwako pasikose mtu wa kukwambia unaongeza. Amina.

Haya. Ilikuwa hivi.

Watu walipokuwa wanacheka, Lusiano alikuwa bado amepiga goti. Akafungua ile ngozi ya mbuzi gotini, akaikung'uta, akaikunja. Akafuta jembe lake kwa majani mpaka likang'aa. Akajiinua kwa fimbo. Alikuwa na tope mpaka kwenye nyusi. Nilitegemea anitukane, na nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kujitetea.

"Zilikuwa zimebaki hatua saba," akaniambia. "Nilikuwa nazihesabu."

Hakusema kwa hasira. Akaniwekea lile jembe la mpini mfupi mkononi, akageuka.

Tulidhani anakwenda mtoni kunawa. Akafika mtoni, hakunawa. Kulikuwa na gogo la kuvukia, gogo lenye utelezi ambalo mimi siku zote nilimvusha mgongoni. Akasimama, akatanguliza fimbo, akavuka. Akaanza kupanda kile kilima cha miti ya miwati upande wa barabara kuu, hatua, fimbo, hatua, fimbo, wala si polepole kama nilivyokuwa najiambia. Nikaita toka bondeni, mwanangu, watu wote wakisikia: "Kaka! Ningoje nikubebe!"

Akainua mkono mmoja juu, hakugeuka, akaendelea kupanda. Nikarudi ukingoni, nikapokea kikombe. Nilipotazama tena kilimani palikuwa na miwati tu.

Hakurudi.